Marc Chagall, Myahudi Aliyetengeneza Vioo vya Kanisa

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma maisha ya maaskofu, wamisionari na mashahidi wa imani. Mwezi huu tunawaletea mtu ambaye hakuwa askofu wala mmisionari, wala hakupata kubatizwa. Alizaliwa Myahudi, na Myahudi alikufa. Hata hivyo, liko kanisa dogo la Kianglikana lenye mnara wa matofali, mahali paitwapo Tudeley, katika jimbo la Kent huko Uingereza, ambalo madirisha yake yote 12 yana vioo vya rangi vilivyochorwa na mtu huyu. Duniani kote hakuna kanisa jingine ambalo madirisha yake yote ni kazi yake. Jina lake ni Marc Chagall.

Waliowahi kusali katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, wanavijua vioo vya rangi, jinsi jua la asubuhi linavyopita ndani yake na kumwaga rangi juu ya kuta na sakafu. Kazi hii ni ya kale sana. Zamani za kati huko Ulaya, watu wengi walipokuwa hawajui kusoma, madirisha ya kanisa yalikuwa kama Biblia yao: hapa Nuhu na safina yake, pale Bikira Mariamu na Mtoto, kule Mtume Petro na funguo mkononi. Basi Mkristo akiinua macho juu ya altare hutazamia kumwona mtakatifu. Kule Tudeley anayeinua macho huona bahari, na ndani ya bahari msichana aliyekufa maji. Jinsi msichana huyo alivyofika pale, na kwa mkono wa Myahudi, ndiyo habari tunayotaka kuieleza, lakini hatuwezi kuanzia hapo. Yatupasa kuanzia mbali, katika mapipa ya samaki wa chumvi.

Chagall alizaliwa tarehe 7 Julai 1887, katika upande wa Vitebsk, mji ambao siku zile ulikuwa chini ya Kaizari wa Urusi na leo umo katika nchi ya Belarus. Jina lake la nyumbani lilikuwa Moishe, yaani Musa. Mwenyewe alisimulia kwamba alitoka tumboni kama mfu, bila kulia, wakamtia katika maji ndipo akapata uhai. Alikuwa mzaliwa wa kwanza katika watoto tisa. Baba yake alikuwa mchukuzi katika ghala la samaki, akinyanyua mapipa mazito kutwa kucha, na mikono yake ilikuwa imevimba kwa maji ya chumvi. Mama yake aliuza vitu vya dukani. Babu yake alikuwa mchinjaji, na kijana alimwonea huruma ng'ombe aliyekuwa akingoja kisu. Tena alikuwa na mjomba aliyependa kupiga fidla. Nayataja haya kwa sababu ng'ombe wale, fidla ile, majogoo, mbuzi na mapaa ya nyumba za mbao vitamfuata mtu huyu maisha yake yote, hata ndani ya makanisa makuu ya Ulaya.

Nyumba yao ilikuwa ya watu wacha Mungu. Walishika Sabato na Pasaka, na picha hazikuwamo ndani, maana amri ya pili waliishika kwa ukali. Inasemekana kijana hakujua hata maana ya kuchora mpaka alipomwona mwenzake wa shule akinakili picha kutoka katika gazeti. Na shule yenyewe aliipata kwa taabu, kwa kuwa mtoto wa Kiyahudi hakukubaliwa kwa urahisi katika shule za serikali. Mama yake alimpa mwalimu rubo 50 chini ya meza, mtoto akaingia. Baadaye, ndugu mmoja wa ukoo aliposikia kwamba kijana amekuwa mchoraji, aliogopa kumpa mkono. Alifikiri akimshika, dhambi itamrukia.

Akajifunza kwanza kwa mchoraji mmoja wa Vitebsk aitwaye Yehuda Pen, kisha akaenda mji mkuu, St Petersburg, akiwa na fedha kidogo mfukoni. Wayahudi hawakuruhusiwa kukaa katika mji huo bila kibali maalum, na kibali hakuwa nacho, basi siku moja akakamatwa akatiwa ndani. Anasema kule gerezani alipumzika vizuri kuliko nje, maana hakuwa na hofu tena ya kukamatwa! Mwaka 1911 alikuwa Paris, akiishi katika jengo bovu lililojaa wachoraji maskini, akichora usiku kucha. Huko mwaka 1912 alichora Golgotha, na mtu aliye msalabani ni mtoto. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba Chagall alimgeukia Bwana Yesu uzeeni kwa ajili ya fedha za makanisa wamekosea. Alikuwa na umri wa miaka 25 tu, na hakuna kanisa lililomwagiza picha ile.

Mwaka 1914 alirudi nyumbani kwa muda mfupi, vita vikamfungia huko. Akamwoa Bella Rosenfeld mwaka 1915, na mwaka uliofuata wakapata binti, Ida. Mapinduzi yalipokuja, serikali mpya ilimweka kuwa mkuu wa mambo ya sanaa katika mkoa wa kwao. Akakusanya mafundi wote wa rangi wa mjini, hata wale wa kupaka mabango ya maduka, wakapamba mji kwa sikukuu ya Mapinduzi. Wakubwa wa chama walipotoka kutazama, waliona ng'ombe wa kijani na farasi wakiruka angani, wakauliza mambo hayo yana uhusiano gani na Marx. Mwaka 1920, baada ya kugombana na walimu wenzake, aliuacha mji wake, na mwaka 1922 aliiacha Urusi kabisa.

Alipokuwa Paris tena, muuza picha mmoja, Ambroise Vollard, alimwomba afanye picha za Biblia. Chagall hakutaka kuzibuni tu kichwani. Mwaka 1931 alisafiri na mkewe na binti yake mpaka Palestina, akaona milima, ukuta, punda na mwanga wa nchi ile. Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi, ikakatizwa na vita, ikatoka mwaka 1956 ikiwa na picha 105. Mtu aliyekaa na Abrahamu na Yakobo na Daudi miaka 25 hivi namna hiyo hawezi kusemwa kwamba alikuwa mgeni katika Maandiko.

Lakini wakati huo Ulaya ilikuwa inaingia gizani. Mwaka 1937 kazi zake zilitundikwa Munich katika maonyesho ambayo Wanazi waliyafanya ili watu wazicheke na kuzitukana. Mwaka 1938 alichora picha kubwa ya Msalaba Mweupe. Bwana Yesu yuko katikati, na kiunoni amefungwa shali ya sala ya Kiyahudi badala ya kitambaa tulichokizoea. Pande zote za msalaba kuna sinagogi linalowaka moto, nyumba zilizopinduliwa, watu wanaokimbia na mashua iliyojaa wakimbizi. Picha hiyo imewekwa Chicago. Kwa Mkristo wa siku zile ilikuwa picha ya kuudhi, na kwa Myahudi pia. Mkristo aliulizwa kama amesahau kabila la Mwokozi wake, na Myahudi aliulizwa kama yuko tayari kumwona mtu huyu kuwa ndugu yake aliyeuawa. Sijui picha nyingine ya karne ile iliyouliza maswali mawili hayo kwa pamoja.

Wajerumani walipoiteka Ufaransa, Chagall alichelewa kuondoka. Alikamatwa Marseille, akafunguliwa, na kwa msaada wa Mmarekani aitwaye Varian Fry, aliyeokoa watu wengi wa sanaa na elimu, akavuka bahari pamoja na Bella. Alifika New York tarehe 23 Juni 1941, siku moja baada ya Hitler kuivamia Urusi. Mwaka huo huo Wayahudi wa Vitebsk waliosalia mjini waliuawa. Septemba 1944 Bella naye akafa kwa ugonjwa wa ghafla. Chagall aligeuza picha zake zote zikatazama ukuta, akakaa miezi mingi bila kushika brashi.

Hatuandiki maisha ya mtakatifu, basi na haya tuyaseme. Baada ya kifo cha Bella aliishi na Virginia Haggard, ambaye alikuwa bado mke wa mtu, wakazaa mtoto wa kiume mwaka 1946. Mama huyo alimwacha baadaye, na mwaka 1952 Chagall akamwoa Valentina Brodsky, aliyekaa naye mpaka mwisho. Walikuwa wakiishi kusini mwa Ufaransa, nchi ambayo Chagall alikuwa ameirudia mwaka 1948.

Sasa tunafika kwenye vioo. Katika milima ya Ufaransa, mahali paitwapo Assy, lilijengwa kanisa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu waliopelekwa huko kupata hewa safi. Padre mmoja wa shirika la Wadominiko, Couturier, aliwaita wachoraji na wachongaji wakubwa wa wakati ule walipambe, bila kuuliza kwanza kama ni waumini. Alishikilia kwamba kanisa litafaidi zaidi kwa fundi mwenye kipaji asiye na imani kuliko kwa mwenye imani asiye na kipaji. Wengi walimpinga kwa hasira. Chagall alipoitwa alisitasita miaka kadhaa. Je, Myahudi aweza kupamba nyumba ya Wakristo, baada ya yote waliyotendwa watu wake katika nchi za Wakristo? Akawauliza wakubwa wa watu wake, akiwemo Chaim Weizmann, Rais wa kwanza wa Israeli. Mwishowe alikubali, nayo kazi ikamalizika mwaka 1957: picha ya vigae ya wana wa Israeli wakivuka Bahari ya Shamu, iliyowekwa penye kisima cha ubatizo, na madirisha mawili madogo ya vioo. Juu ya vigae aliandika kwamba kazi hiyo imefanywa kwa jina la uhuru wa dini zote. Padre Couturier hakuiona, alikuwa amekufa mwaka 1954.

Chagall alikuwa na miaka 70. Umri huo watu wengi hutafuta kiti cha kupumzikia barazani, yeye akaanza kujifunza kazi mpya. Mwaka 1958, alipoitwa kutengeneza madirisha ya Kanisa Kuu la Metz, alikutana na fundi Charles Marq wa mji wa Reims. Karakana ya Marq ilikuwa ya ukoo wa mkewe, Brigitte Simon, na ukoo huo ulikuwa katika kazi ya vioo tangu mwaka 1640. Baba mkwe wake, Jacques Simon, ndiye aliyeshughulikia vioo vya Kanisa Kuu la Reims baada ya kanisa hilo kupigwa mizinga mwaka 1914. Mchoraji mwenye mawazo yasiyofuata njia yoyote akaangukia katika mikono ya watu walioshika mila ya kazi kwa miaka 300, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililomwokoa. Angepata fundi wa ovyo, ng'ombe wake wa kuruka wangebaki michezo ya rangi tu.

Pengine msomaji angependa kujua vioo hivi hutengenezwaje. Mchoraji hutoa mchoro mdogo wa rangi. Fundi huukuza mpaka uwe na ukubwa wa dirisha lenyewe, kisha huchagua vioo ambavyo vilitiwa rangi tangu vilipoyeyushwa, akavikata vipande vipande kufuata mchoro. Sura, mikono na vivuli huchorwa juu ya vioo kwa rangi nyeusi ya unga, ambayo huingizwa tanurini mpaka ikashikana na kioo isifutike milele. Hatimaye vipande huungwa kwa fito laini za risasi zenye mifereji pande mbili, na viungo vyake huchomelewa. Fito hizo ndizo mistari myeusi tuionayo katika kila dirisha la namna hii. Kwa desturi, rangi ikibadilika, kipande hubadilika, na risasi hupita katikati.

Shida ilikuwa kwamba Chagall alichora rangi zinazoingiana kama maji, na risasi ingezikatakata. Marq akatumia kioo cha tabaka mbili, kioo cheupe kilichovikwa ngozi nyembamba ya rangi, na kwa tindikali akaila ile ngozi kidogo kidogo. Hivyo katika kipande kimoja buluu nzito iliweza kufifia hata ikawa nyeupe, bila risasi kupita. Risasi ikaachwa huru kufuata mkono wa mchoraji, mara izunguke bawa la malaika, mara ikate anga kama umeme. Vipande vilipokuwa tayari Chagall alisafiri hadi Reims, akavichora mwenyewe kwa brashi na rangi ile nyeusi, akipaka, akifuta, akikwaruza. Hakumwachia fundi sura hata moja.

Kazi yao kubwa iliyofuata ilikuwa ya sinagogi la hospitali ya Hadassah huko Yerusalemu, madirisha 12 ya kabila 12 za wana wa Yakobo. Kwa kuheshimu amri ya pili, hakuna sura ya mwanadamu ndani yake. Kuna samaki, ndege, simba, punda, maua na nyota. Yaliwekwa mwaka 1962. Vita vya mwaka 1967 vilipotokea baadhi yalivunjika, Chagall akayatengeneza, lakini matundu mengine yameachwa yaonekane. Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili, maana risasi ndiyo iliyoviunga vioo vile na risasi ndiyo iliyovitoboa.

Mwaka 1964 alimaliza dirisha kwa ajili ya jumba la Umoja wa Mataifa huko New York. Hilo lina uhusiano na bara letu, kwa kuwa lilifanywa kuwa ukumbusho wa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja huo, na watu 15 waliokufa pamoja naye, ndege yao ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Alikuwa njiani kutafuta kusimamisha mapigano ya Katanga, huko Kongo. Wazee wetu waliokuwa na redio siku hizo wanaikumbuka habari ile. Waliotoa dirisha hilo ni wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa pamoja na Chagall mwenyewe.

Turudi Tudeley. Katika jumba kubwa karibu na kijiji hicho ilikaa familia ya Sir Henry d'Avigdor-Goldsmid, mbunge. Baba alikuwa Myahudi, mama alikuwa Mwanglikana, na binti zao wawili walilelewa katika Kanisa la mama. Mwaka 1961 yale madirisha ya Yerusalemu yalipoonyeshwa Paris kabla ya kusafirishwa, binti mmoja, Sarah, alikwenda na mama yake kuyatazama, akayapenda mno. Septemba 1963 alikwenda baharini kwa mashua ya tanga, pwani ya Rye, wakapatwa na ajali, naye akafa maji. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Wazazi wakataka kumwekea ukumbusho katika kanisa la kijiji, wakakumbuka vile vioo alivyovipenda. Wakamwandikia Chagall. Hapo kwanza hakutaka. Alikuwa mzee, na kazi za makanisa makuu na majumba makubwa zilikuwa zimemjaa, naye hakulijua kanisa hilo wala watu wake. Hatimaye alikubali. Je, angechora nini? Angeweza kuchora malaika aliyeshika shada la maua, kila mtu angeridhika na hakuna ambaye angelikumbuka dirisha lile. Badala yake alichora ajali yenyewe.

Dirisha karibu lote ni buluu, buluu ya maji yenye kina. Chini kabisa mawimbi yanazunguka, na ndani ya mawimbi amelala Sarah. Kando yake wamo wanaoomboleza, na mama akiwa na watoto. Juu zaidi yuko farasi mwekundu na mpandaji wake. Kisha kuna ngazi, ile ngazi ambayo Yakobo aliiona katika ndoto, na yupo anayeipanda. Mwisho wa ngazi yuko Bwana Yesu msalabani, kijana, wala uso wake si wa mateso. Sijaona kwamba Chagall ameficha kitu. Mama aliyefiwa akipiga magoti hapo kupokea Ushirika Mtakatifu anamwona mwanawe majini, haelezwi kwamba hakuzama. Ila jicho halikai chini, linavutwa na ngazi. Watu wengine wamesema haifai kuweka maiti ya mtu asiye mtakatifu juu ya altare. Nami nauliza tu, mjane wa Naini alikuwa akisindikiza nini Bwana alipokutana naye langoni?

Mwaka 1967 dirisha lilipowekwa wakfu Chagall alikuja mwenyewe, ndiyo mara yake ya kwanza kuliona kanisa. Alisimama akatazama kuta, akatazama madirisha mengine, akasema papo hapo kwamba atayafanya yote. Alikuwa na miaka 80. Kwa miaka iliyofuata kazi ikaendelea polepole kule Reims. Madirisha haya mengine si ya msiba. Mengi ni ya buluu, yenye malaika, ndege, majani, na punda mmoja anayependwa sana na watoto. Ya upande wa kusini yana njano ya dhahabu, na jua likiyapiga hata viti huonekana kama vimepakwa samli. Wengi huyasoma pamoja na Zaburi ya 8, inayotaja wanyama, ndege wa angani na samaki wa baharini, na mwanadamu aliyewekwa juu yao.

Lakini msidhani kila mtu alifurahi. Karibu na altare palikuwa na vioo vya zamani vya wakati wa Malkia Victoria, na wako waliokuwa hawataki viondolewe. Tunaojua mambo ya mabaraza ya parokia hatuwezi kushangaa. Nimewahi kukaa katika baraza lililobishana mwaka mzima juu ya kuhamisha kinanda kutoka kushoto kwenda kulia. Wala siwalaumu watu wa Tudeley. Vioo vile vilikuwa vya babu zao, navyo viliwekwa kwa machozi kama vilivyowekwa hivi vipya. Ikawa vioo vya mwisho vya Chagall vilingoja, vikawekwa mwaka 1985 tu. Vile vya zamani havikutupwa, vilihamishiwa sakristia.

Wakati huo wote mzee hakukaa bure. Kanisa Kuu la Chichester, nalo la Kianglikana, lilipata dirisha lake mwaka 1978. Ni jekundu karibu lote, la Zaburi ya 150, na ndani yake watu wanapiga tarumbeta, vinubi na matoazi, na wanyama wamo katika shangwe hiyo. Na mwaka huo huo ilianza kazi iliyokuwa ngumu kwake kuliko zote. Huko Mainz, Ujerumani, kanisa la Mtakatifu Stefano lilikuwa limebomolewa na mabomu ya vita. Padre wake, Klaus Mayer, alianza kumwandikia Chagall mwaka 1973. Msomaji akumbuke Vitebsk, na maonyesho ya Munich, na mashua ile ya wakimbizi. Padre hakuchoka kuandika wala kumwendea, na Chagall mwishowe akakubali, akafanya madirisha tisa, yote ya buluu, yenye Abrahamu na wageni wake watatu, Musa, Daudi na Bwana msalabani. Hakuna kanisa jingine la Ujerumani lililopata vioo kutoka mkononi mwake. Marq aliendelea na madirisha yaliyobaki baada ya Chagall kufa, kwa ufundi wake mwenyewe.

Mwaka 1973 aliitembelea Urusi, akaona Moskva na Leningrad. Vitebsk hakwenda.

Chagall alifariki tarehe 28 Machi 1985 nyumbani kwake Saint-Paul-de-Vence, jioni, akitoka kufanya kazi siku nzima. Alikuwa na miaka 97. Walimzika katika makaburi ya mji ule, ambayo ni makaburi ya Wakristo. Hapakuwa na rabi wala padre wa kuongoza ibada. Watu walipokuwa wamesimama kimya kando ya kaburi, kijana mmoja asiyejulikana na wengi alitoka katikati yao akasema Kadishi, sala ambayo Wayahudi huwaombea wafu wao. Hata leo wageni wanaofika pale huacha vijiwe juu ya kaburi, kama ilivyo desturi ya watu wake, na misalaba ya majirani iko pande zote.